Muulize Bwana Shamba: Bustani ya Maua Inayovuka Kiangazi

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Njiro, Arusha. Mwaka jana mwezi wa Agosti nilimlipa kijana mmoja anitengenezee bustani mbele ya nyumba, kwenye eneo la mita 15 kwa 12. Alipanda ukoka karibu kote, akaweka mawaridi sita kando ya ukuta wa upande wa magharibi na maua ya kana karibu na mlango. Nilimwagilia kila jioni kwa mpira, kama dakika kumi hivi. Kufikia Oktoba ukoka ulikuwa na mabaka ya kahawia, mawaridi manne yalikuwa yamekufa, na ankara ya maji ilinishtua. Sasa nataka kuanza upya, lakini nataka bustani ambayo itapendeza hata mvua zikikatika. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kunieleza vipimo na miezi, maana bila hivyo ningekujibu kwa kubahatisha.

Kosa la kwanza lilikuwa la majira. Huku kwetu kiangazi huja mara mbili: kile kirefu cha Juni hadi Oktoba, ambacho huanza kwa baridi na mawingu na kuishia kwa jua na vumbi, na kile kifupi cha Januari na Februari, ambacho ndicho chenye joto kali zaidi. Mche uliopandwa Agosti hukutana na miezi mikavu ukiwa bado na mizizi ya kwenye kiriba, yaani kile kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, mizizi isiyozidi kimo cha kiganja, na hapo hata umwagilie kwa moyo wote utakuwa unauguza mgonjwa. Bustani ya kiangazi hupandwa wakati wa mvua. Kwa kuwa unaniandikia Septemba, usinunue mche wowote kwa sasa, hata vile vitalu vya kando ya barabara vikikuvutia kwa maua yaliyochanua. Tumia wiki hizi kupanga na kuandaa udongo. Mvua za vuli zikishakolea, kwa kawaida Novemba, panda maua ya msimu na mimea midogo. Miti na vichaka ungojee masika ya Machi, kwa sababu vuli huweza kukatika ghafla, ilhali masika huupa mche miezi miwili au mitatu ya kushusha mizizi.

Kupanga kwenyewe kuanzie ndani ya nyumba. Keti sebuleni mahali unapoketi kila siku, utazame dirishani, kisha ujiulize jicho lako linatua wapi. Hapo ndipo pa kuweka tuta la maua lililo bora kuliko yote, wala si kando ya ukuta wa mbali ambako huwa tunayasukuma maua kana kwamba yana makosa. Chukua ule mpira wa maji, uulaze chini uchore mpaka wa tuta, uusogeze mpaka umbo likuridhishe, ndipo ukate kwa jembe. Upana wa tuta usizidi mita moja na nusu, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Njia ya kuelekea mlangoni iwe na mita moja na robo, watu wawili wapite sambamba. Mimea mirefu ikae nyuma, mifupi mbele, na kila aina uipande kwa mafungu ya mitatu au mitano. Mche mmoja mmoja wa kila aina hufanya bustani ionekane kama kitalu cha kuuzia miche.

Kabla ya kuchagua mimea, fuatilia jua. Arusha iko takriban digrii 3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia Aprili hadi Septemba huegemea kaskazini, na upande wa kusini wa nyumba hupata kivuli. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi Februari huegemea kusini, na kile kivuli cha Juni hugeuka kuwa jua la kuchoma. Wengi hupanda maua ya kivuli upande wa kusini mwezi wa Juni, kisha Januari wanashangaa yameungua. Upande wa magharibi nao una tabu yake: ukuta hupigwa na jua la alasiri na kuendelea kutoa joto hata baada ya jua kutua. Mawaridi yako yalikuwa yanaokwa. Ukuta huo uupe bogenvilia, ambayo huchanua vizuri zaidi inapokaa na kiu kidogo, na mbele yake uweke mishubiri na rozimari. Mawaridi yahamie mahali panapopata jua la asubuhi, yapumzike mchana.

Sasa nije kwenye ukoka, na hapa nitasema wazi: umepanda mwingi mno. Ukoka unaotakiwa kubaki kijani wakati wa joto huhitaji takriban milimita 20 za maji kwa wiki, na kila milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Eneo lako la ukoka, tuseme mita za mraba 150, litahitaji lita 3,000 kwa wiki, yaani ndoo 150 za lita 20. Punguza libaki mita za mraba 40 tu mahali watoto wanapocheza, na hesabu itashuka hadi ndoo 40. Ukoka huo, kiangazi kikianza, usiukate chini ya sentimita tano. Majani marefu hutia kivuli udongo wake yenyewe. Na ukikosa maji kabisa, uache ugeuke kahawia. Ukoka ulioota vizuri haufi upesi, hulala tu, na mvua ya kwanza huuamsha. Kwa hiyo kati ya ukoka na mawaridi, maji machache yapewe mawaridi.

Eneo utakaloliondoa ukoka uligeuze kuwa matuta na njia. Lima kina cha sentimita 30, changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba, kisha uache udongo utulie. Nasisitiza samadi iliyooza: ikiwa bado ina joto au harufu kali itaunguza mizizi na kukuletea magugu. Udongo mwingi wa upande wetu umetokana na majivu ya volkano ya Mlima Meru. Una rutuba, lakini mahali pengi hupitisha maji haraka, na samadi ndiyo inayoyashikilia.

Kwa maua ya msimu, zinia na kosmosi hazijawahi kuniangusha. Unazisia mbegu moja kwa moja tutani mvua zikianza, na kwa kawaida ndani ya miezi miwili zinachanua. Yaondoe maua yaliyonyauka kila baada ya siku chache, kwa kuwa mmea ukishafunga mbegu huona kazi yake imekwisha na kuacha kuchanua. Kana zako ziondoe mlangoni uzipeleke karibu na bomba au mahali maji ya bafu yanapotokea, kwa sababu ni mmea wa penye unyevu. Ukipanga mimea kwa kiu yake, ile inayokunywa sana pamoja na ile inayovumilia pamoja, utapunguza maji bila kupunguza maua.

Kuhusu kumwagilia, dakika kumi kila jioni kwa eneo lako lote zililowesha ngozi ya udongo tu. Mizizi hufuata maji; yakiishia juu, nayo hubaki juu, na siku ukisafiri hukaushwa yote. Ni afadhali umwagilie mara mbili kwa wiki, asubuhi na mapema, mpaka udongo ulowe kina cha sentimita 20. Usikisie: baada ya saa moja chimba kwa ncha ya panga uone unyevu umefika wapi. Kila kichaka ukichongee kisahani cha udongo kuzunguka shina, umimine ndoo moja taratibu. Halafu funika udongo wa matuta kwa matandazo ya nyasi kavu zisizo na mbegu au majani makavu ya migomba, unene wa sentimita tano hadi nane, ukiacha nafasi ya kiganja kuzunguka kila shina ili mchwa na uozo visipande. Kazi hii ifanye mwishoni mwa Mei, udongo ukiwa bado na maji ya masika ndani yake. Ukitandaza juu ya udongo uliokwisha kukauka, umefunika ukavu.

Mwisho, tazama bati lako. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Hata ukiondoa zinazopotea utapata zaidi ya lita 800 kwa mvua ya siku moja. Weka mifereji na tangi kabla ya Novemba, hata kama itabidi maua yasubiri mshahara wa mwezi unaofuata.

SWALI: Bwana Shamba, habari za kazi? Nina masale na mimea mingine ya majani kwenye vyungu barazani, hapa Sakina, Arusha. Ncha za majani zinakauka na kuwa za kahawia, kisha ukavu unashuka taratibu kando ya jani. Ninamwagilia maji ya kisima kirefu, siachi yakauke, na nimeongeza mbolea ya chumvichumvi lakini hakuna nafuu. Je, ni ugonjwa?

JIBU: Kwa maelezo yako, ndugu yangu, sidhani kama ni ugonjwa. Nayashuku maji yako. Visima vingi vinavyouzunguka Mlima Meru vina floraidi nyingi, yale madini yanayotia meno ya watu wa huku rangi ya kahawia. Masale na jamii yake ni miongoni mwa mimea inayoathirika upesi zaidi. Mmea huyavuta pamoja na maji, maji yanapotoka majani kama mvuke madini hubaki nyuma, na kwa kuwa safari huishia kwenye ncha, ndipo hujilundika na kuua jani. Katika chungu hali huwa mbaya zaidi kwa sababu kila unapomwagilia unaongeza, na hakuna mvua ya kuusuuza udongo. Usichemshe maji ukidhani utayatibu. Yakipungua sufuriani, floraidi huzidi kukolea.

Mimea ya barazani ipe maji ya mvua, hata kama yale ya kisima utaendelea kuyatumia kwa bogenvilia na ukoka. Vyungu vitatu au vinne havimalizi pipa la lita 200 kwa haraka. Badilisha udongo wa vyungu, na uchanganye chokaa ya kilimo kidogo, kwa sababu udongo wenye tindikali huiachia floraidi ipite kwenye mizizi kwa urahisi zaidi. Mbolea uisimamishe kwa miezi mitatu, na usirudie ile ya supafosfeti, kwa kuwa yenyewe huwa na floraidi. Majani yaliyoharibika hayatarudi kuwa kijani. Yakate ncha kwa mkasi ukifuata umbo la jani, kisha uangalie yale mapya yatakayochomoza katikati.

Na kama una nafasi nje, masale mawili matatu yapande ardhini penye kivuli, ambako mvua itausuuza udongo. Wenzetu Wachagga huyapanda kuwa alama ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na jani lake likipelekwa kwa mtu ni ombi la msamaha. Kwa heshima hiyo, naona yanastahili zaidi ya chungu cha barazani.

SWALI: Shikamoo. Niko Rau, Moshi. Mawaridi yangu yana majani yenye vidoa vidogo vya njano, na chini ya jani kuna utando mwembamba kama wa buibui. Nimepuliza dawa ya wadudu mara tatu na hali inazidi. Niyang'oe?

JIBU: Marahaba. Usiyang'oe, mwanangu, na hiyo dawa uisimamishe leo. Hao ni utitiri mwekundu, viumbe wenye miguu minane walio jamaa ya buibui, na dawa nyingi za wadudu hazifanyi kazi vizuri kwao. Huwaua zaidi wale wadudu wadogo wanaowala, ndiyo maana kila ukipuliza wanaongezeka. Hupenda joto, ukavu na vumbi, kwa hiyo Septemba ndiyo sikukuu yao.

Kata majani yaliyoathirika zaidi, uyachome. Kisha asubuhi, mara tatu kwa wiki kwa wiki mbili, elekeza maji ya mpira kwa nguvu ya kadiri upande wa chini wa majani. Fanya asubuhi ili majani yakauke kabla ya jioni, kwa sababu yakilala na maji utajiletea madoa meusi ya ukungu. Wakibaki, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja kwanza, na siku ya pili likiwa zima upulizie mti wote saa za jioni, jua likiwa limepoa. Chini ya mawaridi weka maganda ya kahawa yaliyokaa nje angalau msimu mmoja, ambayo hapo Moshi hayakosekani, unene wa sentimita tano, yapunguze vumbi na kutunza unyevu.

Kupogoa kwa nguvu kusubiri mvua za vuli zianze. Kata matawi yaliyokufa na yale yanayosuguana, na kila tawi zuri ulikatie juu ya jicho, yaani pale chipukizi linapotokea, linalotazama nje ya mti. Hesabu wiki sita hadi nane kuanzia siku hiyo, na hapo tegemea maua.