Nilimsomesha mwanangu nyumbani miaka miwili

Wiki hii mmeuliza: "Je, mzazi anaweza kumsomesha mtoto nyumbani badala ya kumpeleka skuli? Kuna faida gani na hasara gani?" Mimi ni mama wa Wete, Pemba, na nimelifanya hilo kwa miaka miwili, mwanangu akiwa darasa la pili mpaka akaingia la nne. Sikulifanya kwa kupenda. Mwanangu ana seli mundu, maradhi ya damu ya kurithi.

Wanaoyajua maradhi haya wanajua kwamba baridi, uchovu na kupungukiwa maji mwilini huweza kumwamshia mtoto maumivu makali ya mifupa. Anatakiwa anywe maji kila mara, na anywaye maji kila mara hutoka kila mara kwenda chooni. Darasa lake lilijaa mpaka wengine wakikaa chini, mwalimu mmoja, na kutoka ni mpaka uombe ruhusa. Mtoto akaona aibu, akaacha kunywa maji. Masika ile alilazwa mara tatu. Baba yake na mimi tukasema basi. Mwalimu mkuu, namshukuru mpaka leo, akakubali jina lake libaki kwenye rejesta na mtoto awe anakwenda kufanya mitihani tu.

Faida niliiona mapema. Siku ya maumivu somo lilingoja. Siku ya uzima tulisoma mpaka adhuhuri bila ya yeye kuchoka. Na kusomesha kwa namna hii si kugeni kwetu. Chuoni tulikosoma Kurani sote, mwalimu humsikiliza kila mtoto mstari wake: huyu yumo kwenye alifu, aliye ubavuni mwake yumo juzuu Amma, na hakuna anayeburutwa wala anayezuiliwa. Nami nilimsomesha hivyo hivyo.

Hesabu za sehemu tulizisoma msimu wa karafuu. Nilimkalisha barazani na karafuu mbichi na vipimo vyetu viwili, pishi na kibaba, nikamwambia ajaze pishi kwa kibaba. Vikaingia vibaba vinne. "Basi kibaba kimoja ni nini ya pishi?" Akanyamaza. Akamwaga zote, akaanza upya, akafika cha tatu akasita mkono juu. "Hii robo tatu, mama. Imebaki robo." Babu yake huwalipa wachumaji kwa pishi, na maneno hayo mtoto alikuwa akiyasikia tangu anatambaa. Siku ile ndiyo aliyaona. Darasani, na wingi ule wa watoto, nani angempa nafasi ya kumwaga na kuanza tena?

Lakini nilipungukiwa, tena pakubwa. Mikate ya kumimina niliyokuwa nikiuza ilisimama, kwa sababu huwezi kukaa na tanuri na daftari kwa wakati mmoja. Kiingereza changu ni kidogo, na wakati ule hesabu na sayansi zilikuwa zikisomeshwa kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mbele yangu palikuwa na ukuta, na nikiuona unakuja.

Kilichoniuma zaidi sikukitarajia. Alipokwenda kufanya mtihani wa muhula, mwalimu aliyewasimamia aliniita pembeni. Akaniambia mwanangu akiandika jawabu moja huinua uso kumtazama, anangoja, kisha hufuta. Nilirudi nyumbani nikiwaza. Kesho yake nilipomkalisha ndipo nilipogundua: akikosea, mimi hubana midomo. Miaka miwili mtoto alikuwa akisoma uso wangu. Jawabu alikuwa akiipata, ila hakuijua kuwa ni sahihi mpaka aione machoni mwangu. Tangu siku hiyo nikawa nampa kazi, naondoka, nakwenda kukuna nazi uani, na simwangalii mpaka aniite mwenyewe aseme amemaliza na ana hakika. Wiki za mwanzo alilia. Mimi pia.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili: mtoto mgonjwa asomeshwe nyumbani, na skuli ziwape wazazi njia ya kufanya hivyo bila ya kubembeleza, jina likibaki na mitihani akifanya. Ama mzazi anayemtoa mtoto mzima kwa kuogopa tabia za watoto wa wenzake, namuomba afikiri tena. Mama yangu aliingia skuli baada ya elimu kutangazwa kuwa ya bure Zanzibar, tarehe 23 Septemba 1964. Kabla ya hapo nyumbani kwao waliosoma ni wavulana tu. Siwezi kuufunga kwa hiari mlango ambao yeye aliufunguliwa.

Mwanangu sasa yuko darasa la sita, amerudi kwa wenzake. Tuliandika barua, skuli ikakubali: chupa ya maji inakaa juu ya dawati, na akitaka kutoka anatoka. Wakati wa baridi huvaa sweta ndani ya shati. Akishikwa na maumivu, mwenzake wa nyumba ya pili huja jioni na daftari, wakakaa wote wawili barazani wananakili na kubishana jawabu, nami niko uani na nazi zangu, siwaingilii.