Jibu: Jimbo likitaka kujitenga, kampuni za huduma zinaguswa wapi?

Habari ndugu. Umeuliza kuhusu andiko lako la kujitenga kwa majimbo na kampuni za huduma, kama za maji, gesi na barabara. Umekwama hapa: Katalonia, jimbo la Hispania, haikujitenga, sasa athari kwa kampuni hizo utaionyesha wapi? Usianze na mapato, anza na makao makuu yaliyosajiliwa. Baada ya kura ya kujitenga ya tarehe 1 Oktoba 2017, Gas Natural Fenosa (kampuni ya gesi) na Abertis (ya barabara za kulipia) zilihamishia makao yao Madrid, ingawa mabomba na barabara vilibaki palepale. Amri ya serikali ya Hispania ya tarehe 6 iliruhusu bodi kuamua bila kusubiri mkutano wa wanahisa.

Kampuni za aina hii huishi kwa mikopo mirefu. Mimi nimeshika hesabu za maji hapa Dodoma: visima viko Mzakwe, wateja wako mjini. Hebu chora mpaka katikati ya bomba lile, halafu jiulize deni la pampu atalipa nani, na bei ya uniti ataipanga nani. Hapo ndipo andiko lako lilipo!

Mfano wa nyumbani pia usiuache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, reli ikagawanywa, lakini makubaliano ya kugawana mali na madeni yalisainiwa 1984.