Perege anataka dari, kambale anataka pango

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Nina bwawa nyuma ya nyumba hapa Kihonda, Morogoro: mita 4 kwa 3, kina mita 1, limetandikwa nailoni ngumu. Nilipandikiza perege 60, baadaye nikaongeza kambale wadogo 15. Tangu yangeyange na mdiria walipolijua bwawa hili, perege hawaji juu kula. Chakula kinabaki kinaelea, kinazama, na maji yameanza kunuka. Jirani amenishauri nitumbukize matairi na matawi ya miti samaki wapate pa kujificha. Je, nifanye hivyo? Na kama siyo, nitumie nini kisichonigharimu sana?

JIBU: Marahaba, dada. Matairi usitie, na matawi usitie kabla hujasoma hadi mwisho. Lakini leo hii, kabla hata ya kutafuta vifaa, acha kulisha kwa siku moja au mbili, opoa kwa kipande cha chandarua mabaki yote unayoweza kuyafikia, kisha punguza robo ya maji na uongeze mapya taratibu. Perege hawatadhurika kwa kukosa pumba siku mbili. Kinachoua ni chakula kinachooza chini, kwa sababu kinakula hewa ya oksijeni, na alfajiri ndipo oksijeni inapokuwa chini kuliko saa nyingine zote.

Sasa maficho. Watu wengi hutumbukiza kitu chochote chenye tundu, kisha wanashangaa samaki hawakitumii. Perege na kambale hawajifichi kwa namna moja. Perege ni samaki wa mchana na wa kundi. Akiona kivuli cha ndege hatafuti shimo la kuingia, anatafuta kitu juu ya kichwa chake kinachomkinga asionekane. Kambale anapenda giza na kubanwa ubavuni, mchana hujibanza na usiku ndipo anapotembea. Kwa hiyo wewe mwenye wote wawili unahitaji vitu viwili, na vyote vinaweza kutoka kwenye masalia ya ujenzi.

Dari la perege litengeneze kwa bomba la plastiki la robo tatu ya inchi, lile la maji ya kawaida. Kata vipande viwili vya mita 1.5 na viwili vya mita 1, unganisha kwa elbo nne na gundi ya bomba mpaka upate mstatili. Usibanie gundi: hewa ikibaki imefungiwa ndani, fremu inaelea yenyewe bila boya. Iache ikauke kabisa nje ya bwawa. Juu yake tandaza neti ya kivuli, ile nyeusi au ya kijani ya vitalu vya miche, uishonee kwa kamba ya nailoni na kuikaza kama ngozi ya ngoma. Neti iliyolegea ni mtego: kambale ana miiba migumu kwenye mapezi ya kifuani, akinasa hatoki. Fremu mbili za ukubwa huo zinafunika mita 3 za mraba, yaani robo ya bwawa lako. Usizidi theluthi. Ule ukijani wa maji ni mimea midogo inayotegemea jua, ndiyo inayotoa oksijeni mchana na ndiyo chakula cha bure cha perege. Ukifunika bwawa zima unajinyima vyote viwili.

Zifunge fremu kwa kamba kwenye vigingi, upande ulio mbali na unaposimama kulisha, lakini siyo mbali sana. Perege wanatakiwa wachomoke, wale, warudi. Mita 1 hivi kati ya ukingo wa kivuli na sehemu ya chakula inatosha. Rudisha chakula kidogo kidogo, kiasi kinachoisha ndani ya dakika 10, ukiongeza kadiri woga unavyowatoka.

Kwa kambale nenda kwa fundi bomba yeyote anayejenga mtaani, muombe vipande vya bomba la inchi 4 vilivyobaki. Viwe vipya. Bomba lililokwisha kupitisha maji taka usilichukue hata ukipewa bure. Kata urefu wa sentimita 40 hadi 50, na ncha zote mbili ziwe wazi: kambale akikutana na mkubwa wake mlangoni lazima awe na pa kutokea nyuma. Funga vipande vitatu pamoja, viwili chini kimoja juu. Kambale 15 wanatosheka na mafungu matatu ya namna hiyo. Ncha zote zipige msasa hadi kidole kipite bila kukwaruzwa, kwa sababu makali yale yanachana ngozi ya samaki, na yanatoboa nailoni yako. Chini ya kila fungu tandika kipande cha nailoni ya ziada. Plastiki ngumu ya kijivu au nyeupe huzama yenyewe hewa ikishatoka. Ile bomba nyeusi inayouzwa kwa roli huelea, hivyo itahitaji jiwe.

Bloku zenye matundu ni nzuri pia, na vyungu vilivyovunjika ni vizuri kuliko bloku, ilimradi havijapakwa rangi. Bloku mpya ina shida moja: saruji mbichi huachia chokaa na kupandisha pH ya maji, yaani kipimo cha asidi na alkali. Iloweke kwenye pipa wiki tatu ukibadilisha maji kila wiki. Kama unacho kipimo cha pH, maji ya kuloweka yakiendelea kuvuka 9 baada ya siku kadhaa, bado. Bloku kuukuu iliyokaa mvuani miaka haina taabu hiyo, mradi haijawahi kushika oili wala rangi.

Nirudi kwa jirani yako. Tairi lina zinki na mafuta yanayochuja majini pole pole, na katika bwawa dogo kama lako hakuna mahali pa hayo kwenda. Kwa sababu hiyo hiyo usitumie vipande vya mabati wala chochote cha shaba, na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa ziache kabisa. Kuhusu matawi, nilishaitwa kwenye bwawa moja ambako kijana wa nyumbani alipogoa ua na kutupa matawi majini ili samaki wapate kivuli. Ua lilikuwa la mnyaa. Nilipofika, samaki walikuwa wanaelea matumbo juu. Utomvu mweupe wa mnyaa ni sumu kwa samaki, na mmea wa utupa ndio kabisa, wavuvi wa zamani walikuwa wakiutwanga kusudi kulewesha samaki mtoni. Hata tawi la mti usio na sumu, likiwa bichi, linaoza na kula oksijeni. Ukitaka kitu cha asili tumia mianzi iliyokauka vizuri, yenye mawe ya kuizamisha. Gugu maji usilipande hata kama linapendeza. Walioko Ziwa Victoria wanajua limewafanyia nini.

Kuna jambo hukuuliza, nami nisipolisema nitakuwa nimekuharibia bwawa. Kama perege wako ni madume na majike pamoja, wanazaana humo humo. Jike hubeba mayai mdomoni, kisha vitoto vinatafuta upenyo mwembamba wa kujificha. Ukiweka mabomba ya inchi moja, matofali yaliyobanana au rundo la fito, vitoto vyote vinapona, na baada ya miezi michache unakuwa na mamia ya perege wa kidole wanaogombania chakula cha 60. Hao kambale 15 ndio wanaokupunguzia vitoto, na hawawezi kuwafikia mahali wasipoenea. Ndiyo maana nimesisitiza inchi 4 na dari lililo wazi chini. Mara ijayo unaponunua vifaranga, omba madume matupu.

Maficho peke yake hayamfukuzi ndege. Yanampa samaki nafasi tu. Juu ya bwawa vuta mishipi ya kuvulia kutoka ukingo hadi ukingo, kila sentimita 30. Yangeyange anayetua kwa mabawa mapana ataacha. Mdiria ataendelea kupita katikati, na kwake dawa ni wavu wenye macho madogo uliokazwa juu ya bwawa zima. Ukipata fedha, huo ndio wa kununua kwanza.

Kila wiki mbili inua mafungu ya mabomba usuuze tope. Inua polepole, vipande vya turubai vikiziba ncha za pande zote mbili, kwa sababu mchana kambale watakuwa ndani. Wamimine kwenye ndoo yenye maji, uwapime uzito. Ukimkuta mmoja amewapita wenzake karibu mara mbili, mtoe siku hiyo hiyo, maana huyo ataanza kuwala.