Wafungwa wa kisiasa Belarus: kifungo huweza kuongezwa mtu akiwa ndani

Uliandika kwamba mfungwa wa kisiasa Belarus akimaliza miaka yake anatoka, na kwamba huchanganywa tu na wafungwa wengine. Hapana, kumaliza miaka uliyohukumiwa si hakikisho la kutoka. Sheria ya jinai ya Belarus ina kifungu cha 411, "kutotii uongozi wa gereza kwa makusudi", na ndicho kinachotumika kuwaongezea kifungo waliokamatwa kuhusiana na uchaguzi wa rais wa Agosti 2020. Mwanaharakati wa upinzani Palina Sharenda-Panasiuk alipewa miaka 2 mwaka 2021, akaja kutoka Februari 2025. Makosa yenyewe ni madogo mno, kitufe kisichofungwa kinatosha kukupeleka seli ya adhabu, na ukirundikiwa makosa kama hayo unafunguliwa kesi mpya.

Wala hawachanganywi tu na wafungwa wengine kama ulivyoandika. Wanavalishwa kitambulisho cha njano cha "wenye mwelekeo wa itikadi kali", barua na simu zinazuiwa. Maria Kalesnikava, kiongozi wa upinzani aliyekuwa gereza la wanawake la Gomel, alifanyiwa upasuaji wa dharura Novemba 2022 kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka, kisha familia ikakaa bila habari zake tangu Februari 2023 hadi Novemba 2024. Fikiria mzazi anavyolala miezi yote hiyo. Wengine hawakutoka hai: mwanaharakati wa upinzani Vitold Ashurak alifia gereza la Shklov Mei 2021.

Nafuatilia orodha za Viasna, shirika la haki za binadamu la huko. Kalesnikava na mwanzilishi wa Viasna, Ales Bialiatski, waliachiwa Desemba 2025, ila bado wengi wamo ndani.