Domeni Iwe kwa Jina Lako, Si la Fundi

Nyumba yangu ya wageni iko Shela, vyumba vinne na paa la makuti. Tovuti alinitengenezea kijana mmoja, na domeni, yaani lile jina la .com, akalisajili kwa barua pepe yake mwenyewe. Sikuuliza. Mwaka wa tatu kijana akenda zake Ghuba, notisi za malipo zikamfuata kwenye barua pepe asiyoifungua tena. Desemba, msimu umepamba moto, mgeni akaniuliza kama nimefunga. Kufungua simu, nakuta jina langu liko sokoni, linauzwa.

Barazani wakanicheka: "Si mambo ya Wamarekani hayo?" Nikaenda kusoma. Ni kweli kwamba kileleni yupo ICANN, shirika la California linaloratibu majina ya intaneti duniani, lililoundwa 1998, na serikali ya Marekani haikuachia usimamizi wake hadi 2016. Lakini chini ya hapo kazi imegawanywa: majina ya .com yako kwa kampuni ya Verisign, ya .ke yako kwa shirika la KeNIC hapa hapa Kenya. Hakuna hata mmoja wao aliyeninyang'anya. Mimi nilijenga nyumba, hati nikaiacha kwa jina la dalali.

Kinachoniuma zaidi ni hiki: .com ikishafutwa kwa kutolipiwa, hupewa siku 30 za kukombolewa, kwa ada kubwa lakini inarudi. Siku zangu nilizimalizia WhatsApp nikimtafuta kijana.

Mpwa wangu naye akaja na dawa yake. "Mjomba, nunua jina la blokucheni, lile daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, hilo hakuna wa kukupokonya." Wazo si la jana, mfumo mmoja wa aina hiyo, Namecoin, na majina yake ya .bit yapo tangu 2011. Nikanunua. Mgeni wa Ujerumani akaniandikia kuwa halifunguki, na kweli, vivinjari vingi bado huuliza mfumo ule ule wa ICANN. Tena ukipoteza ufunguo wake, yaani msimbo wa siri wa kulimiliki, huna ofisi ya kupiga simu. Kwa biashara ya vyumba vinne, achana nalo.

Wewe leo hii muulize fundi wako domeni imesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Akisita, mwambie aihamishie kwenye akaunti yako, au akupe msimbo wa kuhamisha, yaani namba ya siri inayokuruhusu kuipeleka domeni kwa msajili mwingine, maadamu bado mnaelewana.

Sasa nina .co.ke. Nywila imeandikwa kwenye daftari la wageni, ukurasa wa mwisho, na mke wangu anajua.