Kompyuta Inayojizima: Je, Ninunue Madabodi Mpya?

SWALI: Kompyuta yangu ya mezani, ambayo nimeitumia kwa miaka sita, inanisumbua kwa miezi miwili sasa. Mara hutokea skrini ya bluu yenye maandishi yasiyofanana na ya jana, mara hujizima na kujiwasha upya bila kuonyesha chochote, hasa mwanangu anapocheza michezo yenye picha nzito. Fundi aliniwekea Windows upya lakini hali haikubadilika, na sasa anasema ninunue madabodi. Je, nimsikilize?

JIBU: Subiri kwanza. Fundi wako hakukosea kuvishuku vifaa, kwa kuwa hitilafu inayoendelea hata baada ya Windows kuwekwa upya ni nadra kutokana na programu. Lakini madabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote vya ndani, hushukiwa mwisho, maana hakuna njia rahisi ya kuipima isipokuwa kuviondolea lawama vifaa vingine kimoja baada ya kingine, na kuibadilisha ni kuifumua kompyuta nzima.

Katika maelezo yako, lililonivutia zaidi ni kwamba maandishi ya skrini ya bluu hubadilika. Kompyuta inayolalamikia faili moja lile lile kila mara huenda ina draiva mbovu (programu ndogo inayoendesha kifaa fulani), ilhali inayotaja sababu mpya kila inapoanguka mara nyingi ina RAM isiyoaminika, yaani sehemu inayoshika data kwa muda kompyuta inapofanya kazi: data iliyohifadhiwa humo hurudi ikiwa imebadilika, na programu yoyote iliyobahatika kuisoma ndiyo inayosingiziwa. Ikiwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows) kasi ya RAM iliongezwa kupita ile ya kawaida, irudishe kwanza. Kisha weka programu ya Memtest86+ kwenye flashi, iwashe kompyuta kupitia flashi hiyo, na uiache ikipima usiku kucha. Idadi ya makosa inayokubalika ni sifuri. Kosa moja tu latosha kuitia RAM hatiani.

Makosa yakionekana, chomoa waya wa umeme, ubakize kipande kimoja cha RAM na ukipime peke yake, halafu ufanye vivyo hivyo kwa kingine katika nafasi ile ile. Kipande kinachotoa makosa popote kinapowekwa ndicho kibovu. Iwapo vipande vyote hutoa makosa katika nafasi moja na kuwa salama katika nyingine, hapo maneno ya fundi yana uzito.

Kujizima wakati wa michezo ni dalili ya namna nyingine, na si ajabu kompyuta moja ikawa na magonjwa mawili. Tazama joto la prosesa (ubongo wa kompyuta) na la kadi ya picha kwa programu kama HWiNFO mchezo unapoendelea. Prosesa nyingi za kisasa hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, hivyo mchezo unaoanza kusuasua kabla ya kompyuta kuzima huashiria feni iliyokwama, vumbi kwenye kipoza joto, au krimu ya kupitishia joto iliyokauka.

Ikiwa joto ni la kawaida na bado kompyuta inazima ghafla, mshukiwa ni pawasaplai, yaani kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, hasa ikiwa ina umri wa kompyuta yenyewe. Laini yake ya volti 12 inatakiwa kubaki kati ya volti 11.4 na 12.6, lakini mita ya kawaida haiwahi kuona mporomoko wa kufumba na kufumbua, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kuazima nyingine nzima yenye nguvu ya kutosha. Usiifungue kamwe, kwani kapasita zake (vijifaa vinavyohifadhi umeme) huweza kubaki na umeme wa hatari hata waya ukiwa umechomolewa. Vilevile, usihangaishwe na tukio la Kernel-Power 41 katika kumbukumbu za Windows; wengi hulisoma kama cheti cha kifo cha pawasaplai, ilhali linasema tu kwamba kompyuta haikuzimwa ipasavyo.

Diski siishuku sana, kwa sababu diski inayokufa kwa kawaida huanza kwa kuganda na kuchelewa kufungua mafaili. Hata hivyo, nakili mafaili yako kwingine leo, kabla ya kipimo chochote.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike tarehe, saa na kilichokuwa kikifanyika kila kompyuta inapoanguka. Ukimrudia fundi na karatasi hiyo, mwombe aanze na pawasaplai ya kuazima, na aikague madabodi kwa macho kama ina kapasita zilizovimba vichwa, kabla hujakubali kuinunua nyingine.