Lugha ya alama haitamzuia mtoto kusema

Ndugu mzazi, umeuliza kama kumfundisha lugha ya alama mwanao wa miaka 2, aliyeanza kuvaa vifaa vya kusaidia kusikia, kutamfanya asijifunze kusema. Hapana. Kinachomdhuru mtoto kiziwi ni kupita miaka ya mwanzo, ambayo ubongo hupokea lugha kwa wepesi zaidi, bila lugha yoyote inayomfikia kikamilifu. Na lugha ya alama, ambayo ina sarufi yake kamili, humfikia kwa macho hata betri za vifaa vyake zinapokwisha.

Anzeni sasa, nyumba nzima, hata kama alama mnazozijua ni chache. Jambo ambalo wazazi wanaosikia hulisahau ni kwamba mtoto huyu hawezi kutazama kitabu na mikono yako kwa wakati mmoja: mguse bega, subiri akutazame, toa alama, kisha mwache arudi kwenye picha. Tafadhali usiione subira hiyo kuwa ni kupoteza muda. Vifaa aendelee kuvivaa, na mtafuteni mtu mzima kiziwi azungumze naye mara kwa mara, kwa kuwa atawafundisha nyote.